Laki nane za Ami na historia ya kompyuta ya gemu

Najua nimepotea wiki tatu nzima, na wengine mmeniuliza kama nimeolewa kimyakimya. Hapana jamani. Kwanza zilikuwa tesiti, halafu presentesheni ya History, halafu likaja balaa la kompyuta ambalo ndilo nataka kuwasimulia leo. Stori ni ndefu, chukua chai na andazi ukae vizuri.

Mnaonifahamu mnajua kwetu ni Kojani. Kwa msiofahamu: Kojani ni kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Pemba, Wilaya ya Wete. Ukitoka hapa Dar unapanda boti, unashuka Mkoani, unapanda gari mpaka Chake, kisha Wete, halafu unaelekea pwani na kuvuka kwa chombo. Kwetu nyumba zimebanana, njia ni nyembamba, na karibu kila mlango una mvuvi. Wakojani tunajulikana pwani yote hii kwa dago. Wanaume wanaondoka na vyombo vyao miezi kadhaa, wanapiga kambi ufukweni mbali na nyumbani, wanavua, wanauza, wanarudi na pesa. Na wavulana nao wanatamani kwenda. Hapo ndipo penye kidonda cha familia nyingi: mtoto akionja pesa ya dago, skuli inamshinda.

Mdogo wangu yuko Form Two. Likizo iliyopita alikwenda dago na Ami, yaani mdogo wake baba, na aliporudi akaanza kutoroka vipindi. Mama akalia sana. Ami naye akaona aibu, maana ndiye aliyemchukua. Siku moja akanipigia simu.

"Mwalimu, hujambo?"

"Sijambo Ami, shikamoo."

"Marahaba. Huyu mdogo wako kanambia akipata kompyuta ya gemu hatoki tena ndani. Mie nina laki nane. Wewe ndo uko mjini na ndo msomi wetu. N'nunulie."

Nikacheka, lakini roho ikaniuma. Laki nane za dago ni usingizi wa mtu umekatwa vipande vipande. Tena nilijua hesabu yenyewe: kompyuta ikiwa nzuri, kijana atakaa nyumbani, na gemu zikimchosha huenda akajifunza na mengine. Ikiwa mbovu, Ami atasema vya kisomi havina maana, na dogo atarudi baharini.

Basi nikaenda Kariakoo. Na mimi, msomi wao, nikaharibu.

Nilinunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, ile nyembamba inayolala mezani, kwa laki tatu. Nikanunua na kadi ya picha kubwa, nayo iliyotumika, laki tatu na nusu. Kibanda kikanifungia, na kadi ikabidi ining'inie nusu nje kwa kipande cha waya cha kuongezea umeme. Nikaambiwa "hiyo mashine ya kazi dada, haina shida." Nikaja nayo hosteli, nikaiwasha, gemu likafunguka, nikapiga picha nikamtumia dogo. Dakika kumi baadaye ikasikika tap! harufu ya plastiki ikajaa chumbani, na umeme wa upande wetu wote ukakatika. Ruumeti wangu alikuwa anapasi. Sitaki kukumbuka aliyoniambia.

Kijana mmoja wa chumba cha jirani anayesoma mambo ya kompyuta akaja, akafungua, akacheka. Pawa saplai ya ile kompyuta ilikuwa ya wati 240. Kadi peke yake ilikuwa inakula wati 185. Nikamwambia basi tununue pawa saplai kubwa tubadilishe. Akanionyesha plagi zake. "Hii haifuati kipimo cha kawaida. Ya dukani haiingii."

Hapo ndipo swali likanishika kama mwanafunzi wa historia: kipimo cha kawaida ni kipi, na nani alikiweka? Kwa nini vipande vingine vinakubaliana na vingine vinakataana? Nikaanza kusoma usiku badala ya kulala. Na nikagundua kwamba kama ningeijua historia kwanza, laki nane za Ami zisingeungua. Hebu niwape kwa mpangilio.

Tuanze hapa kwetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza. Kompyuta za zama hizo hazikuwa vitu vya kuchagua vipande. Ulinunua lote kwa kampuni moja, ukafundishwa na kampuni hiyo, likiharibika ukawaita haohao. Kwa nchi changa gharama yake ilikuwa kubwa na faida haikuonekana, mafundi walikuwa wageni, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta Tanzania Bara, pamoja na televisheni. Marufuku hayakuanza kulegea mpaka miaka ya 1980. Cha kuchekesha, mwaka huohuo wa 1974 Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, tena ya rangi, wakati Bara walisubiri mpaka 1994 kuona ITV. Kwa hiyo Wapemba tunayo haki ya kujidai kidogo, kidogo tu.

Mara nyingi watu wanayachukulia marufuku yale kama ujinga. Mimi siku hizi nayaelewa. Serikali ilifanya nilichofanya mimi Kariakoo: ilinunua kitu kikubwa isichoweza kukifungua wala kukirekebisha, kikaigharimu. Tofauti ni kwamba mimi niliunguza umeme wa hosteli tu.

Sasa angalia kilichotokea kwingine mara baada ya hapo. Januari 1975, gazeti la Marekani la Popular Electronics lilitoa picha ya kompyuta inayoitwa Altair 8800 kwenye jalada lake. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya MITS huko Albuquerque. Iliuzwa kama furushi la vipande kwa bei ya kama dola 400, unakaa nyumbani na moto wa kulehemu, unaunganisha mwenyewe. Haikuwa na kibodi wala skrini, ilikuwa na swichi na taa ndogo tu. Lakini ilikuwa na nafasi za kuchomeka kadi nyingine ndani, na watu wengine kabisa, wasio MITS, wakaanza kutengeneza kadi za kuchomeka humo. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa: kompyuta si kitu kimoja, ni vipande vya watu mbalimbali vilivyokubaliana mahali pa kushikana.

Na gemu zilikuwepo tangu mwanzo, msidhani ni mchezo wa watoto wa leo. Apple II iliyotoka 1977 ilibuniwa na Steve Wozniak, na yeye mwenyewe amewahi kueleza kwamba rangi, sauti na vishikio vya kuchezea aliviweka kwa sababu alitaka kuandika gemu la Breakout ndani yake. Yaani kompyuta iliyoingia maofisini na maskulini ilitokana na mtu aliyetaka kucheza.

Halafu ikaja tarehe 12 Agosti 1981, IBM ikatoa kompyuta yake binafsi, IBM PC. Bei ilianzia dola 1,565, na kwa bei hiyo skrini hupati. IBM ilikuwa kampuni kubwa iliyozoea kutengeneza kila kitu yenyewe. Safari hii ilikuwa na haraka, kwa hiyo ikachukua vipande vya wengine: prosesa ya Intel, aina ya 8088, na mfumo wa uendeshaji wa Microsoft. Ndani ikaweka nafasi tano za kadi, na ikatoa kitabu kinachoeleza jinsi mashine inavyofanya kazi ili wengine watengeneze vya kuchomeka. Kitu kimoja tu kilibaki mali yake hasa: BIOS, ile programu ndogo inayoamsha kompyuta unapoiwasha.

Watu watatu waliotoka Texas Instruments, Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto, wakaanzisha kampuni ya Compaq mwaka 1982 huko Houston. Wao walitaka kompyuta inayoendesha programu zilezile za IBM. Kunakili BIOS ni wizi, utashtakiwa. Basi wakaigawa kazi. Kundi moja lilichunguza BIOS ya IBM inafanya nini na kuandika maelezo. Kundi la pili, ambalo halikuwahi kuiona, likachukua maelezo hayo na kuandika yake upya. Kompyuta yao ikaanza kuuzwa 1983. Mwaka uliofuata, 1984, kampuni ya Phoenix ikaanza kuuza BIOS yake ya namna hiyo kwa yeyote anayetaka. Mlango ukafunguka. Kuanzia hapo mtu yeyote mwenye karakana, awe Taiwan au kwingine, aliweza kutengeneza kompyuta ya "aina ya IBM" bila kumuomba IBM ruhusa. Bei zikaanza kuporomoka.

Ndugu zangu, kila kibanda cha vipande Kariakoo, Darajani au Chake kipo kwa sababu ya kitendo hicho. Bila ya hapo tungekuwa bado tunanunua lote kwa mmoja.

Sasa tuingie kwenye gemu zenyewe. Tarehe 10 Desemba 1993 kampuni ya id Software ilitoa Doom. Kabla ya hapo, watu waliidharau kompyuta ya aina ya IBM kwa michezo, waliiona ya mahesabu. Doom ilionyesha kwamba prosesa nzuri peke yake inaweza kukuonyesha vyumba unavyotembea ndani yake. Watu wakaanza kununua kompyuta mpya kwa ajili ya gemu moja. Mwaka 1996 ikaja Quake, na mwaka huohuo kampuni ya 3dfx ikatoa kadi ya Voodoo. Kadi hii ilifanya kazi moja tu: kuchora picha za gemu za pande tatu. Picha za kawaida haikuziweza, ilibidi uwe na kadi nyingine ya kawaida pembeni, ukaziunganisha kwa waya. Hapo ndipo kazi ilipogawanyika: prosesa ifikiri, kadi ichore. Mwaka 1999 Nvidia ikatoa GeForce 256 na kulitangaza neno GPU, na mpaka leo kadi ya picha ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya pesa za mwenye kujenga kompyuta ya gemu.

Katikati ya hapo, mwaka 1995, Intel walitoa kipimo kinachoitwa ATX. Hili ndilo jibu la swali langu. ATX inasema matundu ya skrubu kwenye madabodi yawe wapi, pawa saplai iwe na ukubwa gani, plagi yake ikaeje. Ukinunua kasha la ATX leo, madabodi ya ATX ya kampuni yoyote inakaa, na pawa saplai ya ATX ya kampuni yoyote inaingia. Ile kompyuta nyembamba niliyonunua mimi haikufuata. Kampuni nyingi kubwa zinapotengeneza kompyuta za maofisi hutumia plagi na maumbo yao wenyewe, kwa sababu ofisi haibadilishi vipande, inanunua nyingine. Ni halali yao. Lakini mwenye laki nane anatakiwa aijue tofauti hiyo kabla ya kutoa pesa.

Na kuna mwaka mmoja ambao kila mwenye bajeti ndogo inabidi aukumbuke: 1998. Tarehe 24 Agosti mwaka huo Intel walitoa prosesa mbili siku moja. Pentium II ya megahazi 450 kwa dola 669, ya wakubwa. Na Celeron 300A, ya wanyonge, dola 149. Vijana wakagundua kwamba ukiibadilishia ile Celeron kasi ya basi kutoka 66 kwenda 100, nyingi zilikimbia megahazi 450 bila kulalamika. Kwenye gemu zilikaribia kabisa ile ya dola 669. Hawakuwa na pesa, walijua kilichomo ndani. Tangu hapo kujenga kompyuta ya gemu kwa bei ndogo kukawa ni elimu ya namna yake, watu wanafundishana kipande gani cha bei ya chini kinafanya kazi ya ghali.

Niliposimulia haya kwa simu, Ami akanikatisha. (Nilikuwa nimeshamwambia ukweli kuhusu kuungua, nikilia. Hakugomba, na hilo liliniuma zaidi.)

"Mwanangu, ungen'uliza mie kabla. Dau la mashine ya hosipawa 15 ukilitia ya 40, linakwendaje?"

"Linakwenda mbio, Ami."

"Linapasuka tezi. Mashine itabaki nzima, chombo kinakwenda chini. Fundi anaanza na mkuku, halafu mataruma, halafu mbao, halafu kalafati. Mashine ya mwisho. We umeanza na mashine."

Jamani, miaka mitatu chuo kikuu, na somo la kuchagua vipande nalipata kwa mvuvi. Kwa sababu ndivyo ilivyo hasa. Mkuku wa kompyuta ni umeme wake. Hapo nikarudi tena kwenye historia, safari hii ya kwetu.

Kisiwa cha Unguja kilipata umeme wa Bara kwa kebo ya chini ya bahari mwaka 1980. Mei 2008 umeme huo ukakatika kwa karibu mwezi mzima, na Desemba 2009 ukakatika tena mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu. Wakubwa wa pale bado wanasimulia majenereta na foleni za maji. Pemba sisi tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka mwaka 2010, kebo ya kutoka Tanga ilipofika. Kwa hiyo mtu wa Pemba kuwa na kompyuta ya gemu inayochomekwa ukutani bila ya jenereta kuunguruma ni jambo la juzi tu. Na umeme wenyewe unapanda na kushuka, unakatika bila hodi. Mwongozo wa kujenga kompyuta ulioandikwa Marekani utakwambia weka pesa nyingi kwenye kadi. Aliyeuandika hajui kwamba kwetu umeme ukikatika mara tatu kwa jioni moja, diski inaumia na pawa saplai ya bei poa inakwenda. Kwa Kojani UPS inahesabiwa ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Jambo la mwisho la historia, la karibu. Mnakumbuka kadi za picha zilivyoadimika 2020 na 2021? Viwanda vilisumbuliwa na korona, na watu walikuwa wanazinunua kwa mafungu kuchimba sarafu za mtandaoni, hasa Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikabadilisha mfumo wake, kadi hazikuhitajika tena kuichimba, na waliozitumia wakaziuza mitumba. Ndiyo maana ukikuta kadi iliyotumika ya miaka hiyo, uliza historia yake kama unavyouliza ya mchumba, na idai iwashwe mbele yako nusu saa. Halafu mwishoni mwa 2025 ikaja zamu ya RAM kupanda bei, kwa sababu viwanda vinawapa kipaumbele wenye vituo vikubwa vya akili bandia. Wa bajeti ndogo siku zote anakula kilichobaki na wakubwa. Lakini kula kilichobaki si vibaya ukijua kuchagua.

Haya, sasa nitoe nilichojifunza kwa bajeti. Bei ni zile nilizoambiwa mimi Kariakoo kwa vitu vilivyotumika, ukienda wewe unaweza kuambiwa nyingine, hasa ukiwa na sura ya mgeni.

Laki tatu mpaka nne. Usinunue kadi. Nunua kompyuta ya ofisi iliyotumika yenye prosesa ya Core i5, RAM ifike 8 angalau, na diski iwe SSD. Pesa ikibaki, UPS ndogo. Skrini tumia TV ya nyumbani. Utacheza PES 2013, GTA San Andreas, Counter-Strike ya zamani, vyote bila taabu. Kumbuka tu kwamba Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Ukiwa na ya zamani, jifunze Linux, haiumi.

Laki saba mpaka tisa. Hapa ndipo tulipokuwa sisi. Chukua kompyuta ya ofisi iliyotumika, lakini ile ndefu ya kusimama, siyo nyembamba, ili kadi iingie nzima. Kisha tafuta kadi inayokula wati 75 au chini, kwa sababu kiasi hicho kinapatikana kwenye nafasi yenyewe ya madabodi bila waya wa ziada. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 ziko matoleo mengi ya namna hiyo. Angalia kama kadi ina tundu la waya wa umeme ubavuni: ikiwa nalo, kwa kompyuta hii iache.

Milioni moja na nusu. Sasa achana na kompyuta za ofisi, jenga yako kwa kipimo cha ATX au mdogo wake, micro-ATX. Anza na pawa saplai mpya ya jina linaloaminika, wati 500 au 550. Prosesa na madabodi ya AM4 ni chaguo zuri kwa mtu wetu, maana soketi hiyo ya AMD iliyoanza 2016 imeendelea kupokea prosesa mpya kwa miaka mingi. Unaweza kuanza na prosesa ya chini leo ukapandisha baadaye bila kutupa madabodi. Kadi chukua iliyotumika kama RX 6600 ya 2021, ambayo inakula wati 132 tu kwa kazi kubwa inayofanya.

Milioni tatu na kuendelea. Hongera, nitumie na mimi. Nunua vipya, soketi ya AM5 iliyotoka 2022 na RAM ya DDR5, lakini nunua penye waranti ya kuandikwa na usisahau kwamba skrini nzuri, UPS kubwa na kiti vinakula hela. Nimeona watu wana kadi ya milioni mbili kwenye skrini ya laki moja. Huko ni kuvaa suti na kandambili.

Sheria ni ileile kwa wote wanne: umeme kwanza, vipande vinavyofuata kipimo cha pamoja, na kadi mwisho, kwa ukubwa ambao chombo kinaweza kuubeba.

Na sisi tulifanyaje? Kadi niliirudisha, muuzaji akanikata themanini, nikapata laki mbili na sabini. Lile jumba jembamba, bila pawa saplai, nikaliuza laki moja na nusu kwa spea. Pamoja na laki moja na nusu iliyokuwa haijatumika, nikawa na laki tano na sabini. Nikaongeza laki moja na themanini kutoka kwenye boom langu, ndiyo maana mmeniona nakula mihogo mwezi mzima na mnaniambia nafanya dayati. Kompyuta ndefu ya ofisi, i5 ya kizazi cha 6, laki mbili na themanini. GTX 1050 Ti laki mbili na ishirini. RAM ya kuongeza na SSD laki moja na ishirini. UPS laki moja na thelathini. Jumla laki saba na nusu. Kwa pesa ya UPS ningeweza kupata prosesa mpya zaidi na Windows 11. Nilisita siku nzima, nikachagua UPS. Mpaka leo sijajuta.

Nilikwenda nayo mwenyewe wikiendi iliyopita. Nimeibeba kwenye boti nimeipakata kama mtoto, na kwenye kuvuka kuingia Kojani Ami aliifunga nailoni mbili na kuikalia mbele ya mawimbi. Nyumbani sikuiwasha kwanza. Nilimpa dogo bisibisi nikamwambia fungua. Akafungua. Nikamwonyesha pawa saplai, madabodi, prosesa chini ya feni, RAM, SSD, kadi. Nikamsimulia habari ya Compaq na yale makundi mawili, akaniuliza, "Kwa hiyo wale wa pili hawakuiona kabisa?" Nikamwambia hawakuiona. Akakaa kimya, akasema, "Hao walikuwa na akili." Halafu tukaiwasha, na mtaa mzima ukajaa dirishani.

Masharti ya Mama: haiwashwi mpaka daftari zionekane. Masharti ya Ami: dago ni likizo tu, na kuondoka ni baada ya ripoti ya skuli. Kama yatashika, Mungu anajua. Sitawadanganya kwamba gemu linamweka mtoto skuli. Nimesoma Saikolojia ya Elimu, najua haiko hivyo. Jana kanipigia, nikadhani imeungua. Kumbe anataka kujua kama madabodi yake inaweza kupokea i7 ya kizazi hichohicho, na kama mwalimu wa hesabu akimsaidia kupiga hesabu za wati anaweza kujua mwenyewe ni kadi gani itafaa. Nikamwambia peleka swali hilo kesho kwa mwalimu. Leo nasubiri simu nyingine.

Haya wadau, muda umekwenda na kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Mwenye RAM ya DDR4 iliyolala kwenye droo aniambie tupatane, nalipa boom likitoka. Na ruumeti wangu, kama unasoma: nisamehe kwa lile shati.